Kunguni Sugu: Somo la Pamba kwa Vyumba vya Kibera na Kawangware

Usugu wa dawa ni hali ambapo wadudu wa mahali fulani huendelea kuishi baada ya kupata kipimo cha sumu ambacho zamani kiliwaua. Mdudu mmoja mmoja hazoei sumu kama mtu anavyozoea pilipili. Kinachotokea ni mchujo. Katika kundi kubwa huwa kuna wachache waliozaliwa na tofauti ndogo ya kimaumbile inayowakinga. Dawa inapopulizwa wenzao hufa, hao wachache hubaki wakazaana, na watoto wao hurithi kinga ile. Dawa hiyo ikirudiwa mara kwa mara, baada ya vizazi kadhaa wengi wanaobaki huwa ni wale isiowadhuru. Kadiri mdudu anavyozaana haraka, na kadiri dawa moja inavyotumiwa bila kupumzishwa, ndivyo usugu unavyowahi kufika.

Zao lililoufunza ulimwengu jambo hili kwa gharama kubwa ni pamba. Kibera na Kawangware hakuna shamba la pamba, lakini dawa zinazopulizwa vitandani huko ni za ukoo mmoja na zile za pambani, na nyingine ni zilezile, zilizonunuliwa agroveti zikagawanywa katika chupa ndogo. Mdudu anayesumbua mitaa hiyo ni kunguni. Mambo yaliyowashinda wakulima wa pamba ndiyo yanayowashinda wapangaji wa huko, na dawa ya tatizo inafanana pia.

Kunguni na ploti

Kuna aina mbili za kunguni wanaoishi na binadamu: Cimex lectularius, aliyeenea zaidi nchi za baridi, na Cimex hemipterus wa nchi za joto. Wote hula damu tu. Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake hufikisha mamia. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 kukiwa na joto. Kinda hujivua ngozi mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara ni lazima kwanza anyonye damu. Hali ikimfaa, safari ya kutoka yai hadi kunguni mzima huchukua kati ya wiki 5 na 8. Kwa hiyo vizazi kadhaa hupishana ndani ya mwaka mmoja, na mzima anaweza kukaa miezi bila chakula akisubiri mwenye kitanda arudi.

Kunguni hajathibitika kuambukiza binadamu ugonjwa katika maisha ya kawaida, kinyume na mbu au chawa. Madhara yake ni muwasho, vidonda vya kujikuna, kukosa usingizi na aibu. Aibu hiyo ina uzito wake: humfanya mpangaji anyamaze, apulize dawa usiku peke yake, jirani asijue.

Nyumba nyingi za kupanga za Kibera na Kawangware ni safu za vyumba vinavyogawana kuta, ambazo wenyeji huziita ploti. Kuta ni za udongo, mabati au mbao, na ndani hufunikwa kwa maboksi, magazeti au mapazia ili kuzuia baridi na vumbi. Kila ufa na kila tabaka la boksi ni maficho mwafaka kwa mdudu bapa anayependa kubanwa pande zote. Ukuta ukiwa na tundu, kunguni huvuka kutoka kitanda hadi kitanda. Makochi na magodoro yaliyotumika hubadilisha wenyewe, wapangaji huhama kwa mkokoteni kila kodi inapopanda, na kunguni huhama nao. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha ukoo mzima. Iwapo jike huyo ana kinga dhidi ya dawa, chumba kipya huanza na kunguni sugu siku ya kwanza, hata kama mpangaji wake hajawahi kununua chupa.

Kutoka pareto hadi piretroidi

Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya dawa hizi. Pareto, ua jeupe linalofanana na deizi, lililetwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi nchi hii iliongoza dunia katika kulizalisha, kutoka nyanda za juu kama Molo, Nyandarua na Kisii. Sumu iliyo ndani ya ua hilo huangusha mdudu kwa sekunde chache, lakini huharibika upesi kwenye mwanga wa jua. Wanakemia walitafuta nakala yake inayodumu. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, na baada yake zikaja sipamethrini, deltamethrini na nyingine. Hilo ndilo kundi la piretroidi. Ndilo lililoteka mashamba ya pamba duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndilo linalojaza makopo mengi ya dawa za nyumbani leo.

Piretroidi huua kwa kushika milango midogo iliyo kwenye neva za mdudu, inayopitisha sodiamu. Kwa kawaida milango hiyo hufunguka na kufunga kwa kasi ili kupeleka ujumbe. Sumu ikiizuia kufunga, neva hupiga kelele bila kukoma, mdudu hutetemeka, hupooza na kufa. DDT nayo hufanya kazi kwenye mlango huohuo, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Vizazi vya kunguni vilipigwa kwa DDT kote duniani katika miaka ya 1940 na 1950. Tayari mwaka 1947 kunguni wa mabweni ya wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor, Hawaii, walionekana kutodhurika nayo. Mdudu ambaye mlango wake umebadilika umbo kidogo kiasi cha kuikwepa DDT mara nyingi huikwepa piretroidi pia, hata kabla hajakutana nayo. Hali ya dawa moja kuwapa wadudu kinga dhidi ya nyingine huitwa usugu mtambuka.

Kubadilika kwa mlango ni njia moja tu. Wadudu wengine huzalisha kwa wingi vimeng'enya, yaani kemikali za mwilini zinazovunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Wengine wana gamba nene linalochelewesha sumu kupenya. Kunguni wa namna hiyo wamechunguzwa Sydney, Australia. Kunguni mmoja anaweza kuwa na kinga zote tatu, naye huyo mara nyingi haangushwi na dawa ya kundi hilo kwa kipimo kilicho salama kwa watu.

Muheza: ushahidi wa jirani

Mfano ulio karibu na Nairobi umetoka wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, Tanzania. Vijiji vya huko vilipata vyandarua vilivyotiwa piretroidi ili kupambana na malaria. Mwanzoni wanavijiji walifurahia faida ambayo hawakuahidiwa: kunguni walitoweka vitandani. Baada ya miaka kadhaa wakarudi. Watafiti waliwapima na mwaka 2002 wakachapisha matokeo: kunguni wa vijiji vyenye vyandarua walistahimili piretroidi kuliko wale wa mahali ambako vyandarua hivyo havikuwa vimetumika.

Muheza ilionyesha mambo mawili. Usugu unaweza kuzaliwa na dawa ambayo haikumlenga mdudu mwenyewe. Tena unaweza kukua bila mtu yeyote kukosea, kwa sababu tu sumu moja ilikaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Kunguni hutembea kwenye chandarua kila usiku, na kila usiku ni mchujo.

Pamba ilivyoonja

Pamba hushambuliwa na jeshi zima: funza wa vitumba, chawajani, vidukari, inzi weupe, kangambili, utitiri mwekundu. Piretroidi zilipofika ziliwafyeka funza kwa bei nafuu, na wakulima wakazipuliza kwa kalenda, wadudu wawepo wasiwepo. Mapema mwaka 1983, katika eneo la Emerald, Queensland nchini Australia, dawa hizo zilishindwa kuua funza shambani. Mwaka 1987 India ikapata pigo kama hilo katika jimbo la Andhra Pradesh. Mwaka 1992 funza waliteketeza pamba ya kaskazini mwa China ingawa mashamba yalipulizwa mara nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zamu ikawa ya Afrika Magharibi.

Wakulima walijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuongeza kipimo na kuchanganya chochote kilichopatikana kwenye tangi moja. Pakistan, India na China zilipita humo, na funza wakageuka sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa pamoja. Dawa kali pia ziliua buibui, nyigu na wadudu wengine wanaokula wadudu waharibifu, na inzi weupe wakafurika mahali palipoachwa wazi.

Ya pili ilikuwa kupanga matumizi kwa eneo zima. Australia iligawa msimu katika vipindi: piretroidi ziliruhusiwa kwa wiki chache tu za katikati, na kila mkulima wa bonde lile aliheshimu tarehe hizo. Funza walionusurika katika kipindi cha piretroidi walikutana na dawa ya kundi jingine katika kipindi kilichofuata. Nchini Tanzania, ambako pamba huchunguzwa katika kituo cha Ukiriguru mkoani Mwanza, wakulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno ili wadudu wakose pa kujihifadhi hadi msimu mwingine. Hatua hiyo haihitaji sumu, lakini inahitaji kila shamba lishiriki. Shamba moja lililoachwa na mabua yake linatosha kuwalisha wadudu watakaovamia kijiji kizima.

Mchanganyiko unapofaa

Kuchanganya dawa kuna hesabu yake. Tuseme mdudu mmoja katika kila 10,000 ana kinga dhidi ya dawa ya kwanza, na mmoja katika kila 10,000 ana kinga dhidi ya ya pili. Kinga hizo zikiwa hazihusiani, mwenye zote mbili atapatikana mmoja tu katika kila milioni 100. Dawa zikipulizwa pamoja, anayeikwepa ya kwanza huuawa na ya pili. Hiyo ndiyo hoja ya mchanganyiko, nayo ni ya kweli kwa masharti manne. Kila dawa iwe bado inaua vizuri ikiwa peke yake. Ziwe za makundi tofauti yanayoshika sehemu tofauti za mwili wa mdudu. Kila moja iwe katika kipimo chake kamili. Na zidumu muda unaolingana, kwa sababu moja ikiisha mapema nyingine hubaki ikifanya mchujo peke yake.

Sharti la kwanza ndilo linalovunjwa zaidi. Iwapo wadudu tisa kati ya kumi tayari wana kinga dhidi ya dawa ya kwanza, mchanganyiko ule kwa kweli ni dawa ya pili ikiwa peke yake, na usugu dhidi yake huanza kukua bila mtu kutambua. Marekani iliyaona hayo. Piretroidi ziliposhindwa na kunguni, kampuni ziliziunganisha na neonikotinoidi, kundi jingine la dawa. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kunguni wa Ohio na Michigan waliokuwa na usugu mkubwa dhidi ya neonikotinoidi pia.

Kuna aina nyingine ya mchanganyiko, ambapo kitu cha pili humvua mdudu silaha yake. Piperonili butoksaidi, au PBO, yenyewe karibu haiui, lakini huzuia vimeng'enya vinavyovunja piretroidi. Pambani, baadhi ya dawa za kundi la oganofosfati zilifanya kazi inayofanana na hiyo, na ndiyo sababu wakulima walipenda kuziunganisha na piretroidi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vyenye piretroidi na PBO mwaka 2017. Mwaka 2023 likapendekeza vile vyenye piretroidi na klofenapiri, dawa iliyotumika mashambani kabla ya kuingia vyumbani. Klofenapiri ina hila ya pekee: huwa sumu kali baada ya vimeng'enya vya mdudu kuifanyia kazi. Vimeng'enya vilevile vinavyompa mbu kinga dhidi ya piretroidi vinaweza kumwangamiza kwa klofenapiri. Katika jaribio lililofanyika Misungwi, wilaya ya mkoa wa Mwanza inayolima pamba, watoto waliolala kwenye vyandarua hivyo walipata malaria pungufu kwa takriban asilimia 44 katika miaka miwili, wakilinganishwa na waliotumia vyandarua vya piretroidi pekee.

Mchanganyiko wa namna hiyo hutengenezwa kiwandani baada ya miaka ya majaribio. Viwango vyake hupimwa, usalama wake hupimwa, na wadudu wa eneo hupimwa kwanza kujua ni dawa gani bado inawaua.

Chupa isiyo na lebo

Katika vichochoro vya Nairobi dawa ya kunguni hutangazwa kwa kipaza sauti, pamoja na ya mende, viroboto na panya. Mara nyingi huja katika chupa ya maji au ya soda, bila lebo. Mnunuzi hawezi kujua kiambato, kundi lake wala kipimo. Akinunua leo kwa mchuuzi huyu na kesho kwa yule, huenda akadhani amebadilisha dawa kumbe amerudia piretroidi ileile. Akizichanganya zote mbili, ameongeza sumu ya kundi moja bila kuongeza njia ya kuua.

Michanganyiko ya nyumbani ina kasoro nyingine. Dawa ya unga na ya mafuta huweza kugandana zikaziba pampu au kukaa chini ya chupa, chumba kimoja kikapata sumu nyingi na kingine maji matupu. Sabuni na jiki hubadilisha kiwango cha asidi ya maji na kuharibu baadhi ya dawa, hasa oganofosfati. Kipimo kikipunguzwa ili chupa ifike vyumba viwili, wadudu wenye kinga ya wastani, ambao kipimo kamili kingewaua, hupona na kuzaa. Mafuta taa yakitiwa ndani, chumba cha mbao chenye jiko la makaa huwa hatarini kuungua.

Hatari kubwa zaidi humfikia binadamu. Oganofosfati huzuia kimeng'enya kinachotuliza neva za mdudu na za mtu vilevile. Dalili zake ni jasho na mate mengi, machozi, mboni za macho kusinyaa, kutapika, misuli kucheza na kupumua kwa shida. Mgonjwa huhitaji hospitali mara moja, na chombo cha dawa kipelekwe naye. Mwili wa binadamu pia hutegemea vimeng'enya kuvunja piretroidi, kwa hiyo kilekile kinachoongeza makali kwa mdudu huweza kuyaongeza kwa mtoto anayelala kwenye godoro lililolowa.

Kwa sheria, dawa za wadudu nchini Kenya husimamiwa na Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, PCPB, chini ya Sheria Sura 346. Bidhaa halali huwa na lebo yenye kiambato, nambari ya usajili, matumizi na tahadhari. Dawa iliyosajiliwa kwa pamba au nyanya haikusajiliwa kwa kitanda. Lebo husaidia pia kupambana na usugu: majina ya viambato yanayoishia kwa "thrin" yote ni piretroidi, na kubadilisha moja kwa jingine si kubadilisha kundi.

Si kila dawa iliyoshindwa imeshindwa kwa usugu. Huenda ilikuwa bandia au imepita muda. Huenda ilipulizwa sakafuni huku kunguni wakiwa kwenye viungo vya kitanda. Dawa nyingi haziui mayai, hivyo kunguni wanaoonekana wiki mbili baadaye huweza kuwa watoto wa siku chache. Na piretroidi huwachokoza kunguni wasiokufa, wakatawanyika hadi chumba cha jirani. Dalili inayoelekea usugu ni kunguni wazima wanaotembea bila shida mahali palipopulizwa vizuri dawa halali, siku moja au zaidi baadaye.

Kazi ya ploti nzima

Kunguni hana usugu dhidi ya joto. Joto la nyuzi 50 au zaidi, likifika ndani kabisa mwa nguo au godoro, huua kunguni na mayai yake. Kuchemsha mashuka na nguo, na kumwaga maji yanayotokota kwenye viungo vya kitanda, huua bila kuacha mchujo wa sumu. Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi, kwa sababu kunguni huhamia upande wenye kivuli. Maboksi ya ukutani hutolewa na kuchomwa, nyufa huzibwa kwa udongo au saruji, na kitanda husogezwa mbali na ukuta.

Vumbi la diatomaiti, madini yanayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, huua kwa njia ambayo haigusi neva. Hufyonza nta iliyo juu ya gamba, mdudu akapoteza maji na kukauka polepole. Linalofaa ni lile lililosajiliwa kwa wadudu, likipakwa kidogo kwenye nyufa, kwa sababu vumbi la kuchujia la viwandani hudhuru mapafu.

Pale dawa inapohitajika, hutumiwa ya kundi moja kwa kipimo kamili, ikarudiwa baada ya wiki mbili hivi kuwanasa walioanguliwa. Ikishindwa, hufuata ya kundi jingine, bila kuchanganya. Vyumba vyote vya safu hutibiwa siku moja, kama bonde la Australia lilivyofuata kalenda moja. Kazi hiyo humhusu keateka na mwenye ploti kuliko mpangaji mmoja, maana hao ndio wanaoweza kufungua kila mlango na kuziba kila ukuta. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, huwapa maafisa wa afya uwezo wa kumtaka mwenye nyumba aondoe hali inayohatarisha afya ya wakazi, na wapangaji wanaweza kupeleka malalamiko yao kwa ofisi ya afya ya kaunti.

Kenya iliidhinisha mwishoni mwa mwaka 2019 pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba, ambayo majani yake yana sumu mbili tofauti dhidi ya funza. Huo nao ni mchanganyiko, na nchini India funza wa rangi ya waridi wameshajenga usugu dhidi ya sumu zote mbili za pamba ya aina hiyo. Hakuna dawa, ya shambani wala ya chumbani, iliyo nje ya kanuni ya mchujo. Kinachotofautiana ni miaka ambayo dawa hudumu, na miaka hiyo huamuliwa na namna majirani wanavyoitumia kwa pamoja.